Barua ya Kufunga Mwaka kwa Wazazi na Walezi: Ibada Shuleni na Malezi ya Kiroho ya Watoto Wetu

Wapendwa wazazi na walezi,

Bwana Yesu asifiwe.

Muhula wa pili umefika ukingoni, na leo kila mtoto amerudi nyumbani na taarifa yake ya maendeleo. Matokeo ya masomo mtayasoma humo pamoja na maoni ya walimu wa madarasa, kwa hiyo sitayarudia hapa. Barua hii naielekeza kwenye jambo ambalo halina safu ya alama katika taarifa hiyo, yaani maisha ya ibada hapa shuleni na namna watoto wetu wanavyokua kiroho. Ninaamini kwa dhati kwamba hiyo ndiyo sababu kubwa iliyolifanya Kanisa letu la Kilutheri kujenga shule hii, na ndilo eneo ambalo shule haiwezi kufika mbali pasipo ninyi.

Mstari tuliouchagua kuwa neno la mwaka ni Luka 2:52: "Naye Yesu akazidi kuendelea katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu." Wengi wenu mmewasikia watoto wakiusema kwa moyo. Nawaomba muutazame pamoja na mstari unaoutangulia. Yesu alipokuwa na umri wa miaka 12 alionekana hekaluni, ameketi katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Lakini Luka haandiki kwamba alikulia hekaluni. Anaandika kwamba alishuka pamoja na wazazi wake mpaka Nazareti, akawa anawatii, na huko ndiko alikoendelea katika hekima na kimo. Sisi walimu ni watu wa zile siku chache za hekaluni. Nazareti ni kwenu.

Nieleze sasa tunachokifanya. Kila asubuhi, kabla ya vipindi kuanza, shule nzima hukusanyika mstarini kwa ibada fupi: wimbo mmoja, somo fupi la Biblia, maelezo ya dakika chache na maombi. Tangu muhula huu uanze, ibada hiyo huongozwa na wanafunzi wenyewe kwa zamu za madarasa, kuanzia darasa la tatu, huku mwalimu wa zamu akiwasaidia kujiandaa siku moja kabla. Masomo yetu tunayafundisha kwa Kiingereza, lakini ibada tunaiendesha kwa Kiswahili, na wazazi kadhaa wameniuliza sababu. Sababu ni kwamba mtoto anayemweleza Mungu kuwa mama yake analia usiku hapaswi kwanza kutafuta msamiati. Kiingereza chake kitakua darasani, na kwa hilo tunajitahidi sana.

Karibu na ofisi ya walimu tumeweka kisanduku ambamo mtoto yeyote anaweza kutumbukiza karatasi yenye ombi lake, akiandika jina au asiandike. Maombi hayo husomwa mbele ya wote pale tu mtoto anaporidhia. Mengine hubaki kati yake, mwalimu wa malezi na Mungu. Wanaomba mvua, wanaomba bibi apone, baba apate kazi, ada ipatikane. Yapo pia maombi mazito kuliko haya, na wazazi wanaohusika tumekwisha kuzungumza nao kwa faragha. Naomba msiwahoji watoto wenu waliandika nini. Mtoto akijua kwamba ombi lake litachunguzwa, ataacha kuomba kwa ukweli na kuanza kuomba kwa kupendeza watu.

Katikati ya muhula mama mpishi wetu aliungua mkono kwa uji uliochemka. Asubuhi iliyofuata msichana wa darasa la tatu aliyekuwa zamu alimwombea kwa sentensi mbili tu, akimtaja kwa jina. Mapumziko yalipofika nilitoka nje nikakuta mlolongo wa watoto kutoka kwenye bomba hadi mlango wa jikoni, wakipokezana ndoo ndogo za maji, wadogo wakizishika kwa mikono miwili ili zisimwagike. Hakuna mwalimu aliyewatuma. Nilimwuliza mvulana mmoja wanafanya nini, akanijibu, kana kwamba swali langu halikuwa na maana, "Si tumemwombea asubuhi?" Wazazi wapendwa, mkiniuliza kukua kiroho kunaonekanaje kwa mtoto wa miaka tisa, jibu langu ni hilo. Haliingii kwenye taarifa ya maendeleo, na sitakubali liingie, kwa sababu mtoto anayepewa alama kwa ajili ya imani yake hujifunza haraka sana kuigiza imani.

Kwa sababu hiyo hiyo, katika shule hii hakuna mtoto anayepewa adhabu ya kunakili mistari ya Biblia, wala maombi hayatumiki kumsema mtoto aliyekosa mbele ya wenzake. Neno la Mungu likigeuzwa kuwa fimbo, mtoto atalikimbia atakapokuwa mkubwa.

Mwishoni mwa Septemba watoto waliadhimisha Sikukuu ya Mikaeli na Watoto pamoja na usharika, wakaongoza liturujia, wakasoma masomo na kusema mistari mbele ya washarika wote. Nawashukuru wote mliofika, na zaidi wale mliowasikiliza watoto wakijizoeza nyumbani jioni baada ya jioni. Katika Sikukuu ya Mavuno walileta ndizi, mahindi, mayai na maharage, vikanadiwa nje ya kanisa baada ya ibada kama ilivyo desturi yetu. Hapa nina neno moja. Mzazi asimbebeshe mtoto sadaka kubwa ili ionekane. Na asiye na kitu cha kumpa asimzuie mtoto nyumbani kwa kuona aibu. Mtoto aliyekuja na mayai mawili aliyookota mwenyewe kwenye banda alipokelewa madhabahuni sawasawa na aliyekuja na mkungu wa ndizi.

Wapo kati yetu watoto Wakatoliki, wa makanisa mengine, na wa familia za Kiislamu, na wazazi wao walitukabidhi wakijua sisi ni akina nani. Katiba ya nchi yetu, katika ibara ya 19, inalinda uhuru wa kila mtu katika mambo ya dini, nasi tunauheshimu kwa moyo, wala si kwa kuogopa sheria. Watoto wote husimama mstarini kwa utulivu. Hakuna anayelazimishwa kukiri asichokiamini. Watoto Waislamu huruhusiwa kwenda msikitini Ijumaa wazazi wao wanapoomba hivyo kwa maandishi. Mtoto wa Kikristo anayemdhihaki mwenzake kwa sababu ya dini yake ataitwa pamoja na mzazi wake, maana huyo hajaelewa chochote tulichomfundisha.

Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walipofika Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mwaka 1893, kanisa na shule vilianza kukua pamoja katika milima hii, na wengi wa babu na bibi zetu walijifunza kusoma kwa sababu hiyo. Mwaka 1969 serikali ilizichukua shule nyingi za madhehebu ili elimu iwafikie wananchi wote bila ubaguzi, na miaka mingi baadaye Kanisa likaanza tena kujenga shule zake za msingi. Naona hatari moja katika kurudi huko: kwamba wazazi tutalipa ada na kudhani tumelipia pia malezi ya kiroho. Martin Luther, mwanamatengenezo ambaye kanisa letu linaitwa kwa jina lake, alipoandika Katekisimo Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya msingi ya imani, mwaka 1529, hakuiandika kwa ajili ya walimu wa shule peke yao. Vichwa vya sehemu zake vinasema wazi kwamba ndivyo mkuu wa nyumba anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake, na ndani yake aliweka sala ya asubuhi, sala ya jioni na sala za mezani. Mtoto huamini kwamba jambo ni la kweli anapomwona baba yake akilifanya pasipo mwalimu kuwepo.

Likizo hii inatupa nafasi ambayo haipatikani mwezi mwingine wowote. Desemba ndugu wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, nyumba zinajaa, na watoto wanakutana na binamu na mabibi zao. Nawaomba kila jioni, kabla ya chakula, familia ikae pamoja kwa muda mfupi, na mtoto wa shule yetu aruhusiwe kuongoza. Anaweza, amefanya hivyo mbele ya shule nzima. Msimsahihishe katikati ya maombi, wala msimcheke akikosea jina la nabii. Hiki ni kipindi cha Majilio, yaani majuma ya kujiandaa kwa Krismasi, kwa hiyo kila mtoto kuanzia darasa la tatu amepewa orodha ya masomo mafupi, moja kwa kila siku hadi Krismasi. Wale wa darasa la sita wanaohudhuria mafundisho ya kipaimara waendelee kwenda usharikani hata likizo, na ninawasihi wazazi wanaojiandaa kwa sherehe za kipaimara kwamba maandalizi ya mtoto mwenyewe yasimezwe na habari za keki, sare na ukumbi.

Shule itafunguliwa Januari, tarehe iliyoandikwa chini ya taarifa ya maendeleo. Siku hiyo kila mtoto aje na Biblia yake, au Agano Jipya kwa madarasa ya chini, na daftari moja dogo la maombi. Familia ambayo haitaweza kununua Biblia ituarifu mapema kupitia mwalimu wa darasa, ili tuzungumze na usharika. Wazazi wanaopenda kuja kuongoza ibada ya asubuhi mwaka ujao waandikishe majina yao ofisini wiki ya kwanza. Akina baba, hadi sasa ni wachache sana.

Nawatakia Krismasi njema na mwaka mpya wenye baraka.

Wenu katika utumishi,

Mwalimu Mkuu