Kabla ya kuuliza bei ya mtungi, tuulize kiwango cha floraidi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wakazi wenzangu wa Nakuru, hasa wa Mwariki, Kaptembwo, Rhonda, Lanet na Free Area, ambao kama mimi hununua maji kwa mtungi kila mifereji inapokauka. Mtaani kwetu kumefunguliwa kisima kipya kilichochimbwa kwa mashine. Kina tangi kubwa jeusi juu ya mnara wa vyuma, na foleni ya mitungi ya njano huanza kabla ya kupambazuka. Ubao wa langoni umeandikwa kwa rangi ya samawati: maji safi, matamu, hayana chumvi. Sina ubishi na maneno hayo. Maji yenyewe ni maangavu, yanatoa povu zuri la sabuni na hayaachi ukoko ndani ya birika. Ila ubao huo hausemi lolote kuhusu floraidi, madini yanayoyeyuka majini na ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa, na floraidi haina rangi, haina harufu wala ladha. Mnunuzi hawezi kuitambua kwa kuonja hata akiwa mzaliwa wa hapa.

Mimi ni mwalimu wa Gredi ya Pili. Watoto wa umri huo ndio wanaong'oka meno ya utotoni na kuota ya ukubwani, kwa hivyo nayaona meno mapya yakichomoza ufizini. Baadhi hutoka yakiwa safi kabisa. Mengine hutoka na mabaka meupe kama chaki, na kadiri mtoto anavyokua mabaka yale hugeuka manjano, kisha kahawia. Darasani kwangu kuna msichana mwerevu wa hesabu ambaye hufunika mdomo kwa kiganja kila anapocheka. Siku ya picha ya darasa aliinamisha kichwa, na mpiga picha alipomwambia atabasamu, macho yakamjaa machozi. Wenzake ambao familia zao zilihamia Nakuru juzi humwambia kwamba hapigi mswaki. Anapiga, asubuhi na jioni, nimemuuliza mamake. Inaniuma sana kuona mtoto akisimangwa kwa jambo ambalo liliingia kwenye meno yake kabla hata hayajaota.

Ndivyo linavyotokea. Jino la ukubwani hujengeka ndani ya ufizi kwa miaka kadhaa, tangu uchanga hadi mtoto anapofikisha umri wa miaka minane hivi. Akinywa maji yenye floraidi nyingi katika miaka hiyo, gamba gumu la jino halijengeki sawasawa. Jino likishakamilika, floraidi haiwezi tena kulitia madoa ya aina hiyo. Ndiyo sababu mtu aliyehamia Nakuru kikazi akiwa na miaka thelathini hunywa maji yaleyale miaka kumi na meno yake yasibadilike, kisha anadhani maji hayana neno, ilhali mtoto wake aliyezaliwa hapa ndiye anayeumia. Na si meno tu. Floraidi ikizidi sana, na mtu akiinywa kwa miaka mingi, hujikusanya kwenye mifupa. Viungo huuma na kukakamaa hadi mtu akashindwa kuinama vizuri.

Sababu iko chini ya miguu yetu. Sisi tumejenga katika Bonde la Ufa, kando ya mlima wa volkeno wa Menengai, juu ya miamba na majivu ya volkeno. Maji ya ardhini yakikaa kwenye miamba hiyo kwa muda mrefu huyeyusha floraidi iliyomo. Tena maji yetu mengi ya chini yana kalsiamu kidogo, na kalsiamu ndiyo ambayo ingeikamata floraidi na kuituliza. Ndiyo maana ule ulaini wa maji yenye kalsiamu kidogo, unaotufurahisha kwa povu tunapofua, haupaswi kuwa sababu ya kuyaamini maji tunapoyanywa. Maji ya mito inayoshuka kutoka Mau na Aberdare kwa kawaida huwa na floraidi kidogo kuliko ya visima virefu. Visima navyo hutofautiana, hata viwili vilivyo karibu. Kwa hivyo mtu asiseme, "Kisima cha jirani kilipimwa kikapatikana kizuri, basi na changu ni kizuri."

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja ya maji ya kunywa, na kiwango cha Kenya ni hichohicho. Naomba kila mzazi aikariri nambari hiyo jinsi anavyokariri tarehe za chanjo.

Sasa nije kwenye lile linalotupoteza wengi. Maji ya floraidi hayasafishwi kwa kuchemshwa. Ukichemsha, maji hupaa kama mvuke na floraidi hubaki sufuriani, kwa hivyo kilichobaki huwa kikali zaidi kidogo. Dawa ya klorini haiiondoi. Kitambaa, mchanga, makaa ya kawaida ya jikoni na vile vichujio vya kauri vya nyumbani havifanyi kazi hiyo pia. Nasema haya kwa tahadhari, kwa kuwa sitaki mama yeyote aache kuchemsha maji. Kuchemsha na klorini hutukinga na kipindupindu na homa ya matumbo, magonjwa yanayoweza kumchukua mtoto kwa siku chache. Tuendelee kuchemsha. Tujue tu kwamba vijidudu ni shida moja na floraidi ni shida nyingine.

Nilipomuuliza kijana anayetuletea maji kwa mkokoteni, alinijibu kwa heshima, "Mwalimu, mimi huuziwa tu, sijawahi kuulizwa floraidi." Ni kweli, hakuna aliyewahi kumuuliza. Sote huuliza, "Leo ni pesa ngapi?" Kwa hivyo tulikwenda wakazi kadhaa kwa mwenye kisima, tukampata akiwa mtu mzima muungwana aliyetukaribisha chai. Tulimwomba ripoti ya maabara. Kwanza alisema maji yake hayana shida. Tulipomkumbusha kwamba kisima cha aina hiyo huhitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji na kwamba maji hupimwa baada ya kuchimba, alifungua droo akatoa karatasi. Mstari wa floraidi ulionyesha zaidi ya mara mbili ya kikomo. Karatasi hiyo ilikuwa humo tangu kisima kilipokamilika, na watoto wetu wamekuwa wakinywa maji hayo muda wote huo.

Sitaki kumtukana mtu. Lakini hilo si jambo la hiari. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, pamoja na haki ya kupewa habari zinazohitajika ili afaidike na bidhaa hizo. Maji ya mtungi ni bidhaa. Ripoti ya maabara ni habari, na mahali pake si kwenye droo. Tulimwomba mwenye kisima aandike kiwango cha floraidi kwenye ubao wake, kwa tarakimu kubwa, pamoja na tarehe ya kipimo. Amekubali kupima upya, ila kuhusu ubao bado anasitasita, akihofia kupoteza wateja. Mimi naona angewapata wengi zaidi. Maji yake yanafaa kabisa kwa kufua, kuoga, kupiga deki na choo, na hayo ndiyo matumizi makubwa ya maji katika ploti yoyote.

Hapo ndipo penye nafuu kwa mfuko wa mwananchi. Hatuhitaji kubadilisha maji yote ya nyumba. Tunachohitaji kutenga ni yale ya kunywa, ya chai, ya uji, ya kupikia na ya maziwa ya unga ya mtoto mchanga. Kama hela hazitoshi kuwanunulia wote, wapewe kwanza walio chini ya miaka minane. Maji ya mvua karibu hayana floraidi, na Nakuru tunajaliwa mvua nzuri Aprili na Mei, kisha Agosti. Mwenye bati na mfereji wa paa anaweza kujaza pipa. Aache mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, afunike pipa, kisha ayachemshe kabla ya kunywa. Yakiwa machache, kuyachanganya nusu kwa nusu na ya kisima hupunguza floraidi karibu nusu, na hilo ni bora kuliko kutofanya lolote.

Kina mama, tuangalie pia magadi. Wengi wetu huyatia kwenye maharagwe, kunde au mrenda ili viive upesi na kulainika, nami nimelelewa kwa vyakula hivyo. Magadi yanayotoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Mtoto anayekunywa maji ya kisima kisha akala mboga ya magadi hupata mzigo mara mbili. Loweka maharagwe usiku kucha, yataiva bila magadi.

Kuhusu maduka ya kujaza maji yaliyoenea mitaani, usiridhike kwa kuona mashine inang'aa. Uliza kama wana mtambo wa RO, ule unaosukuma maji kupitia utando mwembamba, maana huo hupunguza floraidi sana. Wengine wana taa ya kuua vijidudu tu, na taa haigusi floraidi. Kwa maji ya chupa, tazama alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na nambari ya kibali iliyo chini yake. Tuma ujumbe mfupi kwa 20023 ukiandika SM# ikifuatiwa na nambari hiyo, utajibiwa kama kibali ni cha kweli. Wapo pia waliozoea vichujio vya mkaa wa mifupa, teknolojia ambayo Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imeifanyia kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa utaratibu maalum, na madini yaliyomo huivuta floraidi, kama mifupa yetu sisi inavyoivuta. Kichujio hicho ni kizuri, lakini baada ya muda hushiba na kuacha kuchuja, na maji hayataonyesha tofauti yoyote. Ukinunua, uliza kitabadilishwa lini na nani atakipima.

Na wazazi wa watoto ambao meno yamekwisha kupata madoa, nawasihi msiwasugue kwa mchanga, majivu au dawa ya kufulia nguo. Madoa hayo yamo ndani ya jino. Mtamaliza gamba na kumwachia mtoto maumivu. Mpelekeni kwa daktari wa meno.

Wakazi wa Mwariki tutakutana Jumapili hii alasiri kwenye uwanja wa kanisa ulio karibu na kisima. Kila ploti itume angalau mtu mmoja. Wenye visima na wenye maboza wamealikwa, na waje na ripoti zao za maabara. Tumewaandikia barua pia maafisa wa afya ya umma wa kaunti, tukiomba wachukue sampuli katika vituo vyote vinavyouza maji mtaani, kuanzia vile vinavyouzia shule.

Mwalimu na mzazi,
Mwariki, Nakuru