Mama Mwenyekiti, hela za skolashipu tuonyesheni hesabu

Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Faundesheni ya komyuniti koleji yetu

Mama Mwenyekiti, shikamoo.

Naandika hadharani kwasababu njia ya pembeni nimeshaijaribu. Niliomba ofisi ya faundesheni, yaani shirika linalochangisha na kutunza michango kwa ajili ya chuo, mihtasari ya vikao vya bodi na sera ya matumizi ya mfuko wa kudumu, ile hela inayowekezwa ili sehemu ndogo tu itumike kila mwaka, nikajibiwa kwa adabu kabisa kwamba faundesheni ni shirika binafsi, sio chuo, kwahiyo sheria ya nyaraka za umma haiwahusu na hawana wajibu wa kunipa kitu. Basi. Na naandika kwa Kiswahili maana ni lugha yako na yangu, na watu wetu wengi hapa Marekani ambao kila mwaka wanachanga kwenye vyama, makanisa na misikiti ili vijana wapate skolashipu pale chuoni wana haki ya kusoma ninachokuuliza. Nakala ya Kiingereza nimeshaipeleka ofisini.

Niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya, simtuhumu mtu yeyote wizi. Ninachosema ni kwamba hela iliyochangwa kwa ajili ya wanafunzi inasimamiwa na watu wachache ndani ya mlango uliofungwa, na hata kama watu hao ni waaminifu kuliko wote duniani, sisi tuliotoa hatuna namna ya kujua.

Hili suala la "sisi ni shirika binafsi" ndo linaloniuma zaidi. Ni kweli kisheria faundesheni imesajiliwa peke yake, ni shirika la hisani lililosamehewa kodi, wanaita 501(c)(3), lina bodi yake na mkaguzi wake. Na sababu za kuitenga na chuo ni za maana, hela ya mchangiaji isichanganyike na bajeti ya serikali, jimbo likipungukiwa lisije likasema kwakuwa mna michango basi ruzuku tunapunguza. Hapo nipo na nyie. Lakini angalia mambo yalivyo kila siku. Mkurugenzi wa faundesheni analipwa mshahara na chuo, ofisi iko ndani ya jengo la chuo, umeme na kompyuta ni vya chuo, jina na nembo ni za chuo, rais wa chuo anakaa kwenye bodi yenu na anapiga kura. Wakati wa kuomba mchango nyie ni chuo, wakati wa kuulizwa nyie ni binafsi. Hata wahasibu walishaliona hili zamani, tangu mwaka 2002 kanuni ya 39 ya GASB, bodi inayoweka kanuni za uhasibu wa taasisi za serikali, inavitaka vyuo vya umma viweke hesabu za faundesheni za namna hii ndani ya ripoti zao za fedha, kwasababu hela zile kiuhalisia zipo kwa ajili ya chuo.

Na mahakama zimeshaliona pia. Kule Illinois kuna komyuniti koleji inaitwa College of DuPage, mwaka 2015 ilikuwa kwenye vurugu kubwa, makubaliano ya kumuaga rais wake kwa dola zaidi ya 760,000 yalizua zogo nchi nzima, na chuo kikawekwa kwenye uangalizi na chombo cha ithibati. Gazeti la Chicago Tribune likaomba hati ya wito ambayo baraza la mashtaka la serikali kuu lilikuwa limeipelekea faundesheni ya chuo, likanyimwa, hoja ikawa hiyohiyo mliyonipa mimi. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya Illinois ikasema hapana, faundesheni inachangisha na kutunza michango kwa niaba ya chuo, hiyo ni kazi ya umma, kwahiyo nyaraka zinazohusu kazi hiyo ni za umma. Iowa mahakama kuu ya jimbo ilishasema jambo linalofanana na hilo mwaka 2005 kuhusu faundesheni ya Iowa State University. California wao waliweka sheria kabisa mwaka 2011, baada ya faundesheni ya chuo cha Stanislaus kumwalika mwanasiasa Sarah Palin kwenye dina ya kuchangisha na kugoma kusema inamlipa kiasi gani, na sheria ile inazigusa hadi faundesheni za komyuniti koleji, alafu inawalinda wachangiaji wanaotaka majina yao yasitajwe. Kwahiyo Mama, ile hofu kwamba mkifungua nyaraka wachangiaji watakimbia imeshapatiwa dawa, mnafunika majina, mnaacha hesabu.

Jimbo letu halijafika huko, najua. Lakini hakuna sheria inayowakataza kufungua kwa hiari yenu.

Najua kuna mtu atakuambia Fomu 990, ile ripoti ya kila mwaka ambayo mashirika ya hisani yanapeleka IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, iko wazi, aende akasome. Nimeisoma. Sheria ya kodi inawataka mumuonyeshe yeyote anayeuliza fomu za miaka mitatu ya mwisho, na nashukuru hilo mnalifanya bila usumbufu. Ila shirika ambalo mwaka wake wa fedha unaishia Juni 30 linatakiwa kupeleka fomu hiyo Novemba 15, na likiomba muda linasogezewa mpaka Mei 15, kwahiyo mtu anaweza akawa anasoma leo habari za hela iliyotumika karibu miaka miwili nyuma. Na inatoa majumla tu. Jedwali D litaniambia mfuko wa kudumu ulianza na kiasi gani na umeisha na kiasi gani, Jedwali I litaniambia wanafunzi wangapi walipewa na jumla yake, lakini hakuna mahali pataniambia kama ule mfuko wa wauguzi uliochangwa na kina mama wa jamii yetu umetoa hata skolashipu moja mwaka jana. Hakuna kabisa.

Na hapa ndo nataka tukae kidogo, kwenye hela zenye masharti. Mchangiaji akisema hela yangu ni ya mwanafunzi wa uuguzi, hiyo hela haiwezi kununua kitu kingine, ni amana. Kwenye ripoti ya ukaguzi mali zote zinagawanywa mafungu mawili, zenye masharti ya mchangiaji na zisizo na masharti. Hatari inayozipata faundesheni ndogo ni kwamba zisizo na masharti zinaisha, mishahara na gala, ile dina ya kuchangisha, na bima vinataka kulipwa, na akaunti ya benki ni moja, basi bila mtu kukaa chini na kuamua ubaya wanaanza kukopa kwenye zenye masharti wakisema mwezi ujao tutarudisha. Mtu wa kawaida anaweza kupata ishara ya hili, chukua hela taslimu na uwekezaji, toa madeni, alafu linganisha na mali zenye masharti, kama kilichopo ni kidogo kuliko kile kinachotakiwa kuwepo, na pengo hilo halielezwi na ahadi za michango ambazo bado hazijalipwa, basi kuna maswali. Naomba bodi yako ifanye hesabu hiyo kila robo mwaka na iiweke wazi, ni ukurasa mmoja tu, mhasibu wenu anaweza kuuandaa mchana mmoja.

Kuna na upande wa pili wa masharti ambao hauna ubaya wa mtu ila unaumiza vilevile, mifuko iliyolala. Mtu aliacha hela miaka mingi nyuma kwa mwanafunzi wa kozi ambayo chuo hakifundishi tena, au akaweka masharti mengi mpaka haiwezekani kumpata anayefaa, basi kila mwaka skolashipu haitoki, hela inakaa, na mwanafunzi mwingine anaacha semesta katikati kwa ajili ya gari lililokufa au kodi ya nyumba iliyopitiliza. Hili linatibika Mama. Sheria ya UPMIFA ya mwaka 2006, inayohusu usimamizi wa mifuko ya mashirika ya hisani, ambayo karibu majimbo yote yameipitisha isipokuwa Pennsylvania, inaruhusu masharti yaliyopitwa na wakati yabadilishwe, kwa ridhaa ya mchangiaji kama yupo hai, au kupitia mahakama, na kwa mifuko midogo ya zamani kuna njia fupi zaidi, sheria ilivyoandikwa mwanzo ilisema chini ya dola 25,000 na zaidi ya miaka 20, unamtaarifu mwanasheria mkuu wa jimbo, unasubiri siku 60, unaendelea, mradi matumizi mapya yafanane na nia ya aliyetoa. Majimbo mengine yamepandisha kiwango hicho. Tupeni orodha ya mifuko ambayo haijatoa kitu, bila majina ya watu kama mnaona vyema, na mtuambie kila mmoja umekwamia wapi. Sisi wenyewe tutawatafuta wachangiaji wa upande wetu na kuongea nao.

Alafu ada ya usimamizi. Sio dhambi kuikata, kazi ya kutunza mfuko ina gharama, ila mchangiaji anatakiwa aambiwe siku anayotoa na sio agundue baadaye. Tuseme mtu ameweka dola 25,000 za kudumu na bodi inatoa asilimia 4 kwa mwaka, hiyo ni dola 1,000 kwa mwanafunzi. Mkikata ada ya asilimia 1.5 ya mfuko hiyo ni dola 375 inayobaki ofisini, zaidi ya theluthi moja ya kile anachopata mwanafunzi. Mwaka ambao soko limeanguka na mfuko uko chini ya thamani ya mchango wa kwanza, je ada mnaendelea kukata? Hili swali nimemuuliza mtu wa ofisini kwenu na hakuwa na jibu, nadhani sera yenyewe haijaandikwa.

Gala sitaisema sana. Tangazeni kilichobaki baada ya ukumbi, chakula, muziki na mtu wa mnada, sio kilichoingia mlangoni, hilo tu.

Nirudi kwenye bodi maana kila kitu kinaanzia hapo. Rais wa chuo asikae na kura kwenye bodi ya faundesheni. Aje, atoe taarifa ya mahitaji ya chuo, asikilizwe, lakini kura hapana, kwasababu yeye ndo mwomba hela na hawezi akawa mgawaji pia. Mfano mbaya upo Kentucky, University of Louisville, ambako kwa miaka mingi rais wa chuo alikuwa huyohuyo rais wa faundesheni, na ukaguzi maalumu uliotoka mwaka 2017 ukaonyesha matumizi yaliyopita kiwango na malipo makubwa ya viongozi yaliyokuwa yakipitia upande wa faundesheni. Chuo kile ni kikubwa mara nyingi kuliko chetu, lakini mlango ulioachwa wazi ni uleule.

Na wajumbe wenye biashara. Wapo kwenye bodi yenu watu wa benki, wa uwekezaji, wa majengo, na hilo ni jema, ndo watu wenye ujuzi na wenye mifuko. Ila siku kampuni ya mjumbe inapopewa kazi na faundesheni lazima pawe na utaratibu ambao hata mtu wa nje akiusoma anaridhika, mjumbe huyo anatoka kwenye kikao, bodi inatafuta bei za wengine wanaofanya kazi kama ile, na sababu za uamuzi zinaandikwa palepale wakati zikiwa mbichi. Sio mimi ninayeyatunga haya, IRS yenyewe inaitazama kwa jicho zuri bodi iliyofuata hatua hizo tatu, na ile ambayo mtu wake wa ndani amelipwa kupita thamani halali, huyo mtu anatozwa asilimia 25 ya kilichozidi, na asiporudisha anaongezewa asilimia 200. Fomu 990 inauliza kama mnayo sera ya mgongano wa maslahi, nyie mmejibu ndiyo. Naomba kuiona. Naomba pia kamati ya ukaguzi iongozwe na mtu ambaye sio mweka hazina, na mkaguzi wa nje aonane na kamati hiyo angalau mara moja kwa mwaka bila mkurugenzi wala rais wa chuo kuwepo ndani, ili kama kuna kitu amekiona akiseme bila kumtazama mtu usoni.

Mama, wewe ni wa kwanza kutoka kwetu kukalia kiti hicho na siku ile ulipochaguliwa tulifurahi sana, na bado tunafurahi. Najua haya mengi umeyakuta. Najua pia mwenyekiti wa kujitolea ana kazi yake, ana familia, na anapewa makabrasha ya kurasa nyingi siku mbili kabla ya kikao. Ndo maana sikuombi ubadilishe yote kwa mpigo. Nakuomba uweke kwenye ajenda ya kikao kijacho azimio moja, kwamba faundesheni itafuata kwa hiari sheria ya nyaraka za umma ya jimbo kama chuo kinavyoifuata, isipokuwa majina ya wachangiaji walioomba kufichwa na taarifa binafsi za wanafunzi. Lipigiwe kura kwa majina. Likishapita hilo, sera ya ada, orodha ya mifuko iliyolala na hesabu ya robo mwaka tutaviomba kwa utaratibu kama raia wengine.

Mchango wa chama chetu wa mwaka huu umeshakusanywa, uko benki. Wanachama wamekubaliana usubiri kura hiyo, na wakati tunasubiri, sehemu yake tutawalipia ada vijana wetu moja kwa moja kwenye dirisha la malipo la chuo, kwahiyo hakuna mwanafunzi atakayekosa semesta kwa ajili ya mjadala huu. Kikao kijacho nitakuja, nikipewa nafasi ya kuongea nitaongea, nisipopewa nitakaa nisikilize mpaka mwisho.

Wako kwa heshima,
Mzazi na mchangiaji