Mwanangu, waachie viwavi majani

Bombo

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Sisi hatujambo, na bibi yako anakusalimu sana. Nimefurahi mno kusikia kwamba huko Arua mmepewa kipande cha ardhi nyuma ya madarasa, wanafunzi wako wapande bustani ya vipepeo. Umeniuliza kikundi chetu cha bustani hapa Bombo hupanda maua gani. Nitakutajia, lakini maua yawe jambo la pili. La kwanza ni majani ya kuliwa na viwavi.

Kipepeo hunywa utamu wa ua lolote linalomfaa, ila mayai hatagi ovyo. Jike hutua, huonja jani kwa miguu yake, na akikuta si mmea ambao wanawe wataula, huyo anaondoka. Bustani ya maua matupu vipepeo huipitia tu, hawazaliani humo.

Anza na mlimau. Wale vipepeo weusi wenye mabaka ya manjano, ambao umewaona tangu utotoni, hutaga kwenye milimau na michungwa, yai moja moja. Kiwavi akiwa mdogo ana weusi na weupe, ukimwona utadhani kinyesi cha ndege, na ndiyo kinga yake. Akikua anageuka kijani. Mwambie mtoto amguse taratibu kwa kijiti: nyuma ya kichwa zitachomoza pembe mbili laini za rangi ya machungwa, na harufu kali itamfikia puani. Watoto wa hapa hupiga kelele, kisha kila mmoja anataka zamu yake. Mwishowe kiwavi hujifunga kwenye kijitawi kwa uzi mwembamba unaompita kiunoni, akawa pupa, yaani hutulia ndani ya ganda akigeuka kipepeo. Hapo asiguswe na mtu.

Juu ya mlimau huo ndipo ugomvi ulipozuka kikundini. Majani yalikuwa yametobolewa mpaka yanatia huruma, na baadhi ya wenzetu wakataka tununue dawa ya wadudu. Nilikataa kabisa, na huko kwenu nawe ukatae. Dawa haichagui: inayomwua kiwavi leo imekunyima kipepeo wa mwezi ujao, na nyuki inawaondoa pia. Tulikubaliana kwamba milimau ya nyumbani kila mtu ataitunza atakavyo, ila ya bustani ni mali ya viwavi. Mti ukishakomaa haufi kwa kuliwa majani hayo, huchipua tena. Mche mchanga ndio wa kuangalia, ukizidiwa uwahamishie viwavi kwenye mti mkubwa.

Tafuta pia ule mmea wa porini wenye utomvu mweupe na vitunda vya kijani vilivyojaa hewa, vyenye vinywele. Viwavi wa yule kipepeo wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi huula, sumu yake ikabaki mwilini mwao, na ndege wakishamwonja mmoja huwakwepa wengine. Watoto wanawe mikono wakiushika, maana utomvu ule ukiingia machoni ni hatari.

Maua, basi: pentasi, ambayo ni ya kwetu Afrika Mashariki, na zinia kwa kuwa huota upesi. Lantana usiilete hata wakikupa bure. Ni kweli vipepeo huipenda, lakini asili yake ni Amerika, ikishaingia malishoni haitoki, na ng'ombe akiila anaugua.

Ndizi zilizoiva kupita kiasi msitupe. Ziwekeni kwenye sahani kivulini, kuna vipepeo wa msituni wasiojali maua, wao hufuata matunda yaliyooza. Acheni na kipande cha tope bichi, madume huja kufyonza chumvichumvi. Uganda ina aina zaidi ya 1,200 za vipepeo, na watoto wengi hawajui jina hata la mmoja. Waruhusu wawape majina ya Kilugbara, ya Kiswahili, yoyote wanayoyapenda, mradi wawatofautishe.

Huku sisi hupanda mvua za Machi zikianza, na tena Septemba. Kwenu msimu ni mmoja mrefu, kwa hiyo miche iwe tayari kufikia Aprili. Mabasi ya Arua yanapita hapa Bombo. Niambie ni siku gani utakuwepo stendi kupokea, nimfungie kondakta miche ya milimau na mbegu za zinia. Na uniandikie ni miti gani tayari ipo hapo shuleni, huenda mchungwa mnao na hamjaukagua.

Mama yako