Ndevu za podo si ugonjwa

Mhariri,

Huku mlima Elgon kuna watu wanakata matawi ya miti ya podo eti mti unaumwa, sababu ya zile ndevu za kijivu zinaning'inia, jamani! Hizo ni laikeni, yaani kuvu na mwani wanaishi pamoja, mwani anapika chakula kwa jua na kuvu anashika maji ya ukungu, mti hawaunyonyi, kwao mti ni kama kamba ya kuanikia tu. Tawi likikauka lenyewe majani yanapukutika mwanga unaingia, laikeni inanawiri, basi inasingiziwa imeua. Tena laikeni nyingi haziwezi kuvumilia moshi wa salfa (katikati ya Kampala na hizi teksi sijui kama utaziona). Watu wa misitu watangaze redioni kwa lugha zetu za huku, Kikupsabiny na Lumasaba, si mabango ya Kiingereza tu.

Msomaji, Kapchorwa