Kuhusu mchoro wako wa mashine ya CNC

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote walio nawe. Mchoro wa mashine yako ya CNC, yaani mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, nimeupokea na nimeupitia mstari kwa mstari. Kazi ni nzuri, lakini kabla hujakata hata kipande kimoja cha chuma, nakuomba uipunguze mashine. Daraja (boriti inayovuka juu ya meza ikibeba mota ya kukatia) la milimita 1,000 lenye uwazi wa milimita 200 chini yake litakupa mashine ya kuchonga mbao laini tu, na wewe umeandika kwamba unataka kukata alumini.

Sababu ni hii. Nguvu inayosukuma ncha ya kikataji haiishii pale kwenye ncha. Inapanda kwenye koleti (kibanio cha kikataji), inaingia kwenye spindeli (mota inayokizungusha), inapita bamba la Z (linalopandisha na kushusha spindeli), reli, daraja na miguu, mpaka inarudi mezani pale ulipofunga kazi yako. Kila kiungo njiani kinapinda kidogo, na kupinda huko kote kunajumlishwa kwenye ncha. Kwa nguvu ileile, boriti ikirefushwa mara mbili hupinda mara nane, maana urefu unaingia kwenye hesabu kwa kipeo cha tatu. Ukienda upande wa pili, hesabu hiyohiyo inakufaa: daraja la 650 litapinda chini ya theluthi moja ya lile la 1,000, na bapa likizidishwa unene mara mbili linakakamaa mara nane. Kwa hiyo weka mwendo wa X (kushoto na kulia) milimita 400, Y (mbele na nyuma) 600 na Z (juu na chini) 100, na chini ya daraja acha uwazi wa 100 tu. Bomba la mraba la chuma la 100 kwa 100, unene wa 5, linatosha kwa daraja. MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshinikizwa) iache iwe ubao wa kafara juu ya meza, usiifanye fremu. Inafyonza unyevu na kuvimba, na skwea uliyoihangaikia siku nzima inapotea.

Umechora reli za mviringo za milimita 16 zenye egemeo la alumini. Kwa mbao zinafaa. Kwa alumini chukua reli za mraba za 15, vigari (vitelezi vinavyotembea juu ya reli) vinne kwa kila mhimili wa mwendo, na uvitenganishe kadiri nafasi inavyoruhusu. Kwenye Z geuza mpangilio: vigari vifungwe upande wa daraja, reli zipande na kushuka pamoja na bamba la spindeli. Reli zenyewe zinakuwa mbavu za bamba hilo, na Z ndiyo sehemu ambayo mara nyingi huwa dhaifu kuliko zote.

Sasa ufungaji wa reli, na hapa usiwe na haraka. Fremu ikishachomelewa haijanyooka, hata kama pima maji inakuambia vingine, kwa kuwa joto la kuchomelea huvuta chuma. Nyuso za kukalia reli zipelekwe kwenye mashine zisawazishwe, au uzimwagie epoksi nyepesi inayojisawazisha na uiache ikauke kabisa. Funga reli ya kwanza, inyooshe kwa rula ya chuma iliyonyooka kweli, kaza bolti zote. Hiyo ndiyo reli mama. Ya pili iweke ikiwa bolti zimeshikwa kwa vidole tu. Funga geji ya saa (kipimo cha sindano kinachoonyesha sehemu ndogo za milimita) kwenye kigari cha reli mama, ncha yake iguse ubavu wa reli ya pili, kisha sukuma kigari polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Sindano ikihama, gonga reli kwa nyundo ya mpira, kaza bolti moja, sogea kwenye inayofuata. Lenga tofauti isiyozidi milimita 0.02 kwa urefu wote. Ukimaliza, daraja zima lisukumike kwa kidole kimoja, kwa uzito uleule mwanzo, katikati na mwisho. Likiwa zito mahali pamoja, usijiambie kwamba litalainika likizoea. Reli zinabanana, na mota italipia kwa kupoteza hatua.

Skrubu za kusukuma kila mhimili ziwe za gololi (nati yake hutembea juu ya vigololi), kipenyo 16, hatua ya milimita 5 kwa mzunguko. Skrubu za T8 (zenye nyuzi za kawaida, bila gololi) ulizochora zina pleyi, yaani ulegevu, na nati zake za shaba huliwa haraka zikibeba mzigo. Mwisho mmoja wa skrubu ushikwe na kishikio chenye beringi cha BK12, mwingine na cha BF12. Ya kwanza inaizuia skrubu isisogee kwa urefu, ya pili inaiacha itanuke. Chuma cha milimita 700 kikipanda joto kwa nyuzi 10 hurefuka takriban 0.08, na ukikibana pande zote mbili kitajikunja kama upinde. Nati usiifungue kutoka kwenye skrubu, gololi zitamwagika sakafuni. Ukilazimika, ihamishie moja kwa moja kwenye kibomba chenye kipenyo kilichokaribia sana kile cha mtaro wa skrubu. Na ukazaji ufuate mpangilio huu: sogeza daraja karibu na BK12, kaza bolti za kishikio cha nati, kisha peleka daraja upande wa BF12 ndipo ukaze beringi ile. Kwa mpangilio huo skrubu inajitafutia mstari wake yenyewe.

Umeme nitaupitia kwa ufupi, maana huko umeshapanga vizuri. Mota za stepa (zinazozunguka hatua kwa hatua) za ukubwa wa NEMA 23 zenye nguvu ya kuzungusha ya Nm 2 hadi 3 zinatosha. Dreva za DM542 (zinazoendesha mota) zinapokea hadi volti 50, lakini mimi ningechagua chanzo cha volti 36 badala ya 48. Mota inapopunguza mwendo ghafla hurudisha umeme kwenye dreva, na kutoka 48 kufika kikomo ni padogo mno. Kamwe usichomoe waya wa mota dreva ikiwa na umeme, unaweza kuiunguza papo hapo. Weka mgawanyo wa 8 (kila hatua ya mota igawanywe mara 8): mzunguko mmoja wa hatua 200 mara 8 ni mapigo 1,600, gawa kwa milimita 5 za skrubu, unapata mapigo 320 kwa milimita. Hiyo ndiyo namba ya mipangilio ya $100, $101 na $102 (mapigo kwa milimita ya X, Y na Z) kwenye GRBL, programu inayoongoza mashine. GRBL juu ya bodi ndogo ya Arduino Uno hutoa mapigo yapatayo 30,000 kwa sekunde, yaani karibu milimita 5,600 kwa dakika, nayo inakutosha na kubaki. Ukiagiza milimita 100 ukapata 99.6, usikimbilie kubadili 320. Skrubu ya gololi haikosei kiasi hicho. Tafuta kaplingi (kiungo cha mota na skrubu) iliyolegea, au kagua namna ulivyopima.

Spindeli ya kilowati 1.5, kipenyo 65, inaendana na ukubwa huu. Koleti zake za ER11 zinashika vikataji hadi milimita 7. Inverta yake (kifaa kinachobadili masafa ya umeme wa spindeli) iwekwe hezi 400 kwa volti 220 kabla hujaunganisha spindeli. Ikiachwa kwenye hezi 50 kwa volti hizohizo, koili zinavuta umeme kupita kiasi na spindeli inaungua kwa dakika chache. Kebo kati yake na inverta iwe yenye wavu wa kinga uliofungwa ethi, na ipite mbali na nyaya za swichi za mwisho (zinazosimamisha mashine ikifika mwisho wa mwendo). Swichi hizo zifunge kwa njia ya sakiti kufungika muda wote zisipoguswa, ili waya ukikatika mashine isimame. Mashine ikisimama katikati ya kazi ikidai imegusa swichi ambayo haijaguswa, shuku kelele za inverta kwanza.

Jambo la usalama ambalo halimo kwenye mchoro: skrubu ya gololi haijizuii kuzunguka ikibebeshwa uzito. Umeme ukikatika, spindeli inaweza kushuka yenyewe na kutua kwenye kazi au kwenye mkono wako. Weka springi ya gesi au mota ya Z yenye breki. Kitufe chekundu cha dharura kikate umeme wa dreva kupitia kontakta (swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme) na kiisimamishe inverta. Usikiunganishe kwenye kompyuta peke yake, kwa sababu kompyuta ikiganda kitufe nacho kinakufa.

Mashine ikishasimama, usikimbilie kukata. Funga geji ya saa kwenye mkono uliobanwa kwenye koleti, izungushe kwa mkono juu ya meza kwa duara la milimita 200. Ikiwa mbele na nyuma zinatofautiana zaidi ya 0.05, weka vipande vya bati jembamba nyuma ya kishikio cha spindeli mpaka zilingane, kisha kushoto na kulia vivyo hivyo. Usipofanya hivyo kila njia ya kikataji itaacha ngazi utakayoisikia kwa ukucha. Baada ya hapo ning'iniza mizani ya ndoana kwenye spindeli, vuta kwa upande mpaka isome kilo 10, na soma geji iliyoegemezwa mezani. Ikisogea chini ya 0.05, endelea na alumini. Ikifika 0.2, rudi kwenye bamba la Z na miguu kabla ya kulaumu vikataji.

Kwa alumini anza na kikataji cha milimita 6 chenye mdomo mmoja, mizunguko 16,000 kwa dakika, mwendo wa milimita 800 kwa dakika, kina cha 0.5. Hapo kila mzunguko unakata unene wa 0.05. Wengi wakisikia mlio mbaya hupunguza mwendo na kuacha mizunguko ileile. Kikataji kinaacha kukata, kinasugua, kinapata moto, na alumini inagandia kwenye mdomo mpaka kinavunjika. Punguza kina au mizunguko, si mwendo. Chenga zitoke kama vipande vinavyong'aa, zikitoka kama unga jua kikataji kinasugua. Pulizia hewa muda wote zisikatwe mara mbili, na miwani usiivue.

Nitumie mchoro mpya wenye daraja fupi, pamoja na mkato wa bamba la Z ukionyesha vigari viko umbali gani kutoka kimoja hadi kingine. Nikiuona huo nitakuambia kama unaweza kuanza kukata bomba.

Wako,
fundi mwenzako