Barua kwa Mama Nasri kuhusu dawa za wasiwasi

Tegeta,
Dar es Salaam.

Mpendwa Mama Nasri,

Sitaanza kwa kukuuliza hali, kwa kuwa barua yako imekwisha kunieleza: usingizi unaokatika saa nane za usiku, moyo unaokwenda mbio pasipo sababu, na woga wa kupanda basi la mwendokasi unaokulazimu kutoa nauli ya bodaboda kutoka Kimara hadi Posta karibu kila siku ya kazi. Umeniuliza kama uendelee na vidonge vya Valium alivyokugawia jirani yako, na mimi mwenyewe hutumia dawa gani. Niruhusu nianze na vya jirani, maana ndivyo vinavyonitia mashaka.

Valium ni diazepamu, nami sikatai kwamba inatuliza. Tatizo ni kwamba mwili huizoea upesi, hata kipimo kilichokuwa kikikulaza mwanzoni kikawa hakifui dafu tena, na ndiyo maana madaktari huiandika kwa muda mfupi, aghalabu usiozidi wiki 2 hadi 4. Hata hivyo, kwa kuwa umekuwa ukiimeza mfululizo tangu Ramadhani, nakusihi usiikate ghafla kwa sababu ya maneno yangu. Mtu aliyeizoea akiiacha kwa siku moja anaweza kurudiwa na wasiwasi mkali kuliko ule wa awali, na wengine hupata hata degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo, daktari akiangalia. Na ile tramadoli uliyokuwa ukinywa kwa ajili ya mgongo usiichanganye nayo kabisa, kwa sababu zote mbili hulegeza upumuaji, na zikikutana huwa hatari.

Mimi natumia sertralini, iliyo katika kundi moja na fluoksetini na esitalopramu. Sikuandikii ili uende famasi ukaitaje jina, bali ili daktari akikuandikia mojawapo usishangae mwenendo wake. Hizi hazikutulizi siku ile ile. Huanzishwa kwa kipimo kidogo, sertralini kwa kawaida miligramu 25 au 50 kwa siku, na wiki za kwanza unaweza kupata kichefuchefu, tumbo kuvurugika, na hata wasiwasi kuongezeka kidogo, jambo linalowafanya watu wengi waitupe dawa kabla haijaanza kazi, kwa kuwa nafuu yenyewe huonekana taratibu kati ya wiki ya 2 na ya 6. Kwangu haikuja kwa kishindo. Niliitambua siku ambayo simu ya mwalimu wa mtoto iliita nikiwa nakata vitunguu, nikaipokea kisu kikiwa bado mkononi, wakati zamani ningelazimika kwanza kukaa chini. Ukishapata nafuu, daktari atakutaka uendelee kwa miezi 6 hadi 12, ndipo mpunguze polepole. Tramadoli haipatani vizuri na kundi hili pia, kwa hiyo itaje mbele ya daktari. Na ikitokea katika wiki hizo za mwanzo ukajiwa na mawazo ya kujidhuru, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri tarehe ya kliniki.

Shemeji yako aliyekushauri propranololi hakukosea sana, kwani inapunguza kutetemeka na mapigo ya moyo, ila wewe una pumu na haikufai.

Sasa mwendokasi, ambao kwa maoni yangu ndio kiini cha barua yako. Kila unaposhuka Ubungo kwa sababu kifua kimebana, unapata nafuu papo hapo, na mwili unajifunza kwamba kushuka ndiko kulikokuokoa. Kesho yake woga unakuja mapema zaidi. Dawa haiwezi kukufanyia kazi hii ya kuuzoesha mwili upya. Anza saa ambayo basi halijajaa, panda kituo kimoja tu, na woga ukipanda baki ndani, ukivuta hewa kwa pua na kuitoa polepole kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, hadi woga uanze kushuka wenyewe. Rudia kituo hicho hadi kikuchoshe, kisha nenda Shekilango, Manzese, Magomeni. Mtaalamu wa saikolojia atakupangia hatua hizi vizuri kuliko mimi, na tiba hiyo ya mazungumzo na mazoezi huwasaidia wengi sawa na dawa, au huambatanishwa nayo. Pamoja na hayo, kahawa yako ya jioni iache, na jitahidi kutembea kwa haraka siku nyingi za wiki; inasaidia zaidi ya inavyodhaniwa.

Mama mkubwa asikutishe kwamba ukienda kliniki ya akili utapelekwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili, na unaweza pia kuanzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Mwananyamala kwa mfano. Utakaa kwenye benchi na watu wa kawaida kabisa, wengine wakiwa na sare za kazi. Wala dua zako usiziache. Sijaona mahali zinapogombana na kidonge. Daktari huenda akapima kwanza wingi wa damu na tezi ya shingoni, kwa kuwa damu pungufu na tezi inayofanya kazi kupita kiasi huweza kuupeleka moyo mbio vivyo hivyo, na ingekuwa hasara kutibu wasiwasi huku ugonjwa mwingine umejificha.

Andika kwenye karatasi dawa zote unazotumia, na za asili pia, pamoja na vipimo na tangu lini, kwa sababu mbele ya daktari utasahau nusu. Nijulishe siku utakayopangiwa ili niombe ruhusa kazini mapema, twende wote.

Rafiki yako wa siku zote,
Mama Faraja