Kinda bluu wa somo yangu

Wete, Pemba

Somo yangu Zuhura,

Assalaam alaikum. Barua yako imenifika. Niliposoma kuwa wale vikasuku wako wawili wa kijani wametoa kinda bluu, na mkweo anamwita "mwana wa nje", nilicheka mpaka watoto wakaja kunichungulia. Mwambie jike wako hana hatia. Bluu ile katoa baba na katoa mama, ila kwao imejificha.

Kila ndege ana sehemu mbili za rangi hii, moja ya baba, moja ya mama. Kijani ndiyo yenye nguvu, ikiwepo upande mmoja tu bluu haionekani. Wazazi wako hao wanabeba bluu wote wawili, na wawili wa namna hiyo wakikutana, katika mayai manne hutarajiwa moja bluu. Si ahadi lakini! Kila yai na kura yake, unaweza kupata matatu au ukakosa kabisa.

Mtazame usoni. Ndugu zake wana uso wa manjano, yeye mweupe pe. Kijani cha vikasuku hawa ni manjano juu ya bluu. Huyu manjano kaikosa. Kwao Australia, porini, ni kijani. Gould, yule Mwingereza mtaalamu wa ndege, aliwafikisha Uingereza wakiwa hai mwaka 1840, na bluu haikuonekana mpaka mwishoni mwa karne ya 19, vizimbani huko Ubelgiji.

Sasa hilo ulilosema la kumpandisha kinda kwa baba yake akikua. Bluu utapata, nusu kwa nusu, sikatai. Lakini mimi silipendi. Kinachojificha kwenye damu si rangi peke yake, na udhaifu nao hutokea mlango huo huo ukioza ndugu kwa ndugu. Ninaye dume bluu asiye na udugu na wako. Bluu kwa bluu, watoto wote bluu. Nitakuletea, nawe nipe mmoja katika wale kijani.

Usinicheke kwa kutaka kijani. Katika makinda watatu wa kijani wa wazazi kama wako, wawili hutarajiwa kuwa wanabeba bluu. Kwa macho hajulikani, na huyo muuzaji anayedai anawatambua kwa kung'aa kwa bawa anakuuzia maneno. Mimi nitampandisha kwa bluu: akitoka kinda bluu hata mmoja, maneno yamekwisha.

Yule mweupe wa macho mekundu unayemtamani ana hesabu nyengine. Weupe ule hufuata jinsia: dume anaweza kuuficha, jike hawezi. Tutalizungumza ukija.

Ila una hakika kinda wako ni jike? Tazama ile nyama ya pua juu ya mdomo, kwa mwangaza wa asubuhi. Ukiona weupe umezunguka matundu, ni jike. Ikiwa waridi iliyoiva, sawasawa pande zote, huyo ni dume. Na akiwa jike, asiingie kwenye sanduku la kutagia kabla hajatimiza mwaka. Mtilie kizimbani ule mfupa mweupe wa ngisi unaotupwa na bahari, uoshe uanike kwanza. Jike akikosa chokaa, yai humkwama.

Nijibu la pua upesi, mdogo wangu anavuka kuja Unguja wiki ijayo, nijue nimfungie dume au jike.

Wasalaam,
Somo yako, Zuhura